Kodi, Bima ya Jamii na Soko la Kazi: Darasa Letu la Konza



Katika mikutano ya darasa letu limezuka swali ambalo tumeona halifai kubaki kwa wale wachache waliohudhuria. Swali lenyewe ni hili: serikali inapotoza kodi juu ya kazi, au inapoamuru mfanyakazi na mwajiri wachangie bima ya uzee na ya maradhi, ni nani hasa alipaye? Na je, amri hiyo huwaongezea watu kazi au huwapunguzia?

Wengi wetu hapa Konza hulijibu swali hili kwa ghadhabu kabla ya kulifikiri. Mwenye kuajiri husema, "Mimi ndimi niliyebebeshwa mzigo." Mfanyakazi naye husema, "La, ni mimi, kwani mshahara wangu hufika umekatwakatwa." Kila mmoja ana sehemu ya haki, wala hapana mwenye haki yote. Kwa hivyo twataka kulipanga jambo hili hatua kwa hatua: kwanza maana ya maneno, kisha tarehe ya nchi yetu wenyewe, kisha hesabu, na mwisho yale yapasayo kufanywa.

Maana ya maneno

Soko la kazi si uwanja wenye vibanda. Ni mapatano baina ya wauzao nguvu na ujuzi wao na wale wanunuao, na bei yake ni ujira.

Kodi ni mali itwaliwayo na dola kwa nguvu ya sheria kwa ajili ya wote. Aliyelipa nyingi hapewi barabara yake peke yake, wala aliyelipa kidogo hazuiliwi kupita.

Bima ya jamii nayo pia huchukuliwa kwa lazima, lakini ina ahadi ndani yake. Mchangaji huandikiwa jina lake, na huahidiwa haki maalumu siku atakapozeeka, atakapougua, au watakapobaki mayatima wake. Tunamwomba msomaji aishike tofauti hii, kwani tutaihitaji hadi mwisho wa darasa.

Kanuni ya kwanza ya somo letu ni kuwa mzigo wa kodi haumwangukii yule aliyetajwa na sheria, bali humwangukia yule asiye na njia nyingine ya kupita. Sheria yaweza kusema, "Mwajiri na alipe." Lakini iwapo wenye kutafuta kazi ni wengi na kazi ni chache, mwajiri atapunguza ujira wa atakayeajiriwa kesho, au atakawia kuuongeza, na mzigo utakuwa umemshukia mfanyakazi bila ya kuandikwa popote. Na iwapo mfanyakazi ni fundi asiyepatikana kwa urahisi, yeye atadai nyongeza, na mwajiri ndiye atakayelipa hata sehemu iliyoandikwa kwa jina la mfanyakazi.

Kodi iliyowaleta watu kazini

Ushahidi wa kanuni hii hatuna haja ya kuutafuta mbali. Reli ya kutoka Mombasa, iliyofika Nairobi mwaka 1899, ilipita katika nchi hii, na baadaye Konza ikawa njia panda yake, pale tawi la Magadi liliposhikana na reli kuu. Ardhi ya mbuga za Kapiti na milima ya Mua ikapewa walowezi. Walowezi walikuwa na ardhi, lakini hawakuwa na watu wa kuilima wala wa kuchunga. Mkamba wa Machakos alikuwa na shamba lake na ng'ombe wake, na hakuona sababu ya kwenda kumtumikia mtu mwingine kwa rupia chache.

Dawa iliyotumiwa ilikuwa kodi. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili hata kijana asiye na nyumba asipone. Kodi ililipwa kwa fedha, na fedha haikupatikana ila kwa kuuza mnyama, kuuza mazao, au kuuza nguvu za mwili. Mwaka 1913 fikira hii ilichapishwa waziwazi katika gazeti la East African Standard, ikihusishwa na Gavana wa wakati huo, Henry Belfield, kuwa kodi ndiyo njia ya kumtoa Mwafrika katika eneo lake akatafute kazi. Tena baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu wakavishwa kipande, ambacho sheria yake ilikuwa imetungwa mwaka 1915, ili aliyekimbia kazi ajulikane na arudishwe.

Matokeo yake katika ujira yalikuwaje? Waliosukumwa sokoni walikuwa wengi, nao hawakuwa na nafasi ya kungoja bei nzuri, kwani mtoza kodi hangoji. Mwaka 1921, wakati kodi imekwisha kupanda hadi shilingi 16, walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Hasira iliyotokea ndiyo iliyompa Harry Thuku wafuasi. Alikamatwa Machi 1922, watu wakapigwa risasi Nairobi, na mwaka huo huo kodi ikashushwa kuwa shilingi 12.

Hata ng'ombe, aliyekuwa njia nyingine ya Mkamba, alifikiwa. Mwaka 1938 serikali iliwalazimisha watu wa Machakos kupunguza mifugo yao, kwa hoja kuwa ardhi inaharibika, huku kiwanda cha nyama cha Athi River kikitaka wanyama. Mamia kwa mamia ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumlalamikia Gavana. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwauza wanyama kwa nguvu. Watu wale walijua kuwa mwenye ng'ombe wa kuuza hulipa kodi bila ya kuuza mikono yake, na asiye na ng'ombe huupokea ujira wowote atakaotajiwa.

Basi tumeona kuwa kodi yaweza kuwasukuma watu kuingia katika soko la kazi. Sasa tutazame namna nyingine, ambapo makato huwasukuma watu kutoka katika daftari la kazi.

Asili ya bima ya jamii

Bima ya jamii kwa sheria ilianza Ujerumani katika utawala wa Bismarck: bima ya maradhi mwaka 1883, ya ajali za kazini mwaka 1884, na ya uzee mwaka 1889. Katika Kenya huru, hazina ya uzee iitwayo NSSF iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na bima ya hospitali, NHIF, ikafuata mwaka 1966.

Kwa muda mrefu michango hii ilikuwa midogo. Kuanzia mwaka 2001 hadi mwanzo wa mwaka 2023, mfanyakazi hakukatwa zaidi ya shilingi 200 kwa mwezi kwa NSSF, na mwajiri akaongeza 200. Jumla ni shilingi 4,800 kwa mwaka. Aliyechanga hivyo miaka 22 aliweka shilingi 105,600, mbali na faida. Je, mzee ataishi kwa fedha hiyo miaka mingapi, ilhali bei ya unga na ya dawa haikusimama mahali pamoja miaka yote hiyo?

Kwa hivyo ilitungwa sheria mpya mwaka 2013, ambayo baada ya mashauri marefu mahakamani ilianza kutumika Februari 2023. Mchango ukawa asilimia 6 kwa mfanyakazi na asilimia 6 kwa mwajiri, kwa kiwango cha mshahara kinachopandishwa kwa awamu. Mwaka huo huo ukaja ushuru wa nyumba, asilimia moja na nusu kwa kila upande. Mahakama Kuu iliukataa Novemba 2023, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba uliwabagua waajiriwa wa mshahara peke yao. Ukarudishwa kwa sheria mpya Machi 2024. Kisha tarehe 1 Oktoba 2024 bima mpya ya afya, SHIF, ikachukua mahali pa NHIF. Humkata mfanyakazi asilimia 2.75 ya mshahara wote, na mwajiri haongezi kitu.

Hesabu ya shilingi 20,000

Natuchukue mfanyakazi mmoja wa mfano, ambaye mshahara wake ni shilingi 20,000 kwa mwezi.

Mwanzoni mwa mwaka 2023, kabla ya mabadiliko, alikatwa 200 ya NSSF na 750 ya NHIF. Kodi ya mapato haikumfikia kwa sababu ya nafuu ya shilingi 2,400 apewayo kila mlipaji. Alikwenda nyumbani na shilingi 19,050. Mwajiri wake alitoa 20,000, na 200 ya NSSF, na ada ya mafunzo ya viwanda shilingi 50: jumla 20,250.

Kwa viwango vya mwaka 2025, mfanyakazi huyo huyo alikatwa 1,200 ya NSSF, 550 ya SHIF na 300 ya nyumba. Alikwenda nyumbani na shilingi 17,950. Mwajiri alitoa 20,000, na 1,200, na 300, na 50: jumla 21,550.

Mfanyakazi amepungukiwa na shilingi 1,100 mkononi, na mwajiri ameongezewa shilingi 1,300 za gharama, hali ya kuwa kazi ni ile ile. Baina ya kile anachotoa mmoja na kile anachopokea mwenziwe pana pengo la shilingi 3,600, karibu sehemu moja katika sita ya gharama yote. Pengo hili ndilo linalotazamwa na wataalamu wa iktisadi, kwani kadiri linavyopanuka, ndivyo pande zote mbili zinavyoona faida ya kupatana nje ya daftari.

Lakini hapa ndipo tuirudie ile tofauti tuliyoiweka mwanzo. Katika hizo 3,600, shilingi 2,400 ni za NSSF, nazo zimeandikwa kwa jina la mfanyakazi. Hizo si kodi. Ni sehemu ya ujira wake iliyocheleweshwa hadi uzeeni. Kwa mchango huo, miaka 22 huleta shilingi 633,600 kabla ya faida, mara sita ya zile za zamani. Shilingi 550 za afya zamlinda yeye na watu wa nyumba yake. Ushuru wa nyumba, jumla shilingi 600, haumpi mlipaji haki ya nyumba iliyo yake kwa sababu ya kulipa tu. Huo, kwa maana tuliyoieleza, ni kodi.

Hata hivyo, hesabu hii ni ya kweli kwa sharti moja: mfanyakazi awe na yakini kuwa ahadi itatimizwa. Akiamini kuwa shilingi 2,400 zitamrudia, ataziona ni ujira, na atataka kuandikwa. Akiona kuwa hazitarudi, au hospitali itamwambia kadi yake haifanyi kazi, ataziona ni kodi kama ile ya mwaka 1901, na atazikimbia. Shilingi ni zile zile, na sheria ni ile ile. Uaminifu wa hazina ndio unaogeuza mchango kuwa ujira au kuwa kodi, na ndio unaoamua watu wangapi watabaki katika daftari.

Kibarua asiyeandikwa

Wako wenye kuajiri wanaomwambia mtu, "Nikuandike upate 17,950, au nisikuandike nikupe 20,000 taslimu?" Mwenye watoto wanaongoja karo hujibu upesi. Mwajiri ameokoa shilingi 1,550, na kibarua ameongeza 2,050. Wote wawili wametoka wakicheka.

Kicheko hiki hakidumu. Siku kibarua anapoanguka kutoka juu ya jengo, mwajiri asiyemwandika husema, "Simjui." Anapofika umri wa kutoweza kubeba mawe, hana hata shilingi moja iliyoandikwa kwa jina lake. Na mkewe akishikwa na uchungu usiku, huanza kupiga simu kwa jamaa. Waliomshauri kuwa akiba haina maana hawaonekani siku hiyo.

Sheria imejaribu kumlinda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kuwa kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimiza mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Lakini sheria hiyo nayo ina upande wake wa pili: wako wanaomwachisha mtu kabla mwezi haujatimia, kisha humwita tena baada ya siku chache. Ulinzi ukiwa ghali na ukaguzi ukiwa dhaifu, mlindwaji ndiye wa kwanza kufukuzwa.

Na tusisahau wengi wasio na mwajiri kabisa: mwenye bodaboda, muuza mboga, fundi wa jua kali. Nchini Kenya, ukiacha kilimo kidogo, watu zaidi ya wanane katika kila kumi wenye kazi wamo katika kundi hili. SHIF ilipoanza, mtu asiye na mshahara alitakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa mara moja, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mtu apataye riziki yake kwa siku hawezi kulipa kwa mwaka.

Mwanachuoni Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoikamilisha mwaka 1377, alieleza kuwa dola changa hutoza viwango vidogo na hupata mapato mengi, na dola kongwe hutoza viwango vikubwa na mapato hupungua, kwa kuwa watu huvunjika moyo wa kufanya kazi. Kwetu maana yake ni kuwa, wachangaji wakiwa wachache, viwango hupandishwa, na viwango vikipanda wachangaji huzidi kupungua. Njia ya kutoka katika duara hili ni wengi kuchanga kidogo, kwa namna inayolingana na mapato yao yanavyoingia.

Mji mpya wa Konza

Jirani yetu, katika ardhi iliyokuwa ya Malili, serikali ilianza Januari 2013 kujenga mji wa teknolojia wenye eneo la ekari 5,000. Vijana wengi wa Machakos, Makueni na Kajiado wameuwekea matumaini. Ni haki yao kutumaini, lakini yapasa wajue sheria za kodi zinavutia nini.

Sheria ya maeneo maalumu ya kiuchumi ya mwaka 2015 iliwapa wawekezaji wa maeneo hayo kodi ya faida ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza, na asilimia 15 kwa miaka kumi ifuatayo, ilhali kiwango cha kawaida cha kampuni ni asilimia 30. Nafuu hii ni juu ya faida ya mtaji. Michango ya mfanyakazi haikupunguzwa kwa sababu hiyo. Basi mashine hupata unafuu na mtu hapati. Jumba la kuhifadhia data laweza kugharimu mabilioni na likaajiri watu wachache tu, hali ya kuwa viwanda vya nguo vya Athi River, vilivyokuja kwa nafuu za sheria ya mwaka 1990, huajiri watu wengi kwa mtaji mdogo zaidi. Hatusemi kuwa jumba la data halifai. Twasema kuwa mwenye kutaka ajira kwa vijana na aipime nafuu ya kodi kwa idadi ya watu walioandikwa kazini, na ujira wao, wala asiipime kwa urefu wa majengo.

Hoja na majibu

Huenda mtu akasema: "Ikiwa michango hupunguza kazi za kuandikwa, basi na ifutwe yote."

Twamjibu: mzigo wa uzee na maradhi haufutiki kwa kufuta sheria. Utahama tu. Leo asiye na bima akiugua, jamaa huitana harambee. Na katika harambee hiyo hutazamwa nani? Yule mmoja mwenye mshahara. Yeye hulipa hospitali ya mjomba, karo ya mpwa na mazishi ya jirani. Hiyo nayo ni kodi juu ya kazi, tena haina kiwango wala risiti. Bima iliyo njema humpunguzia mzigo huo kwa kuugawanya kwa wengi.

Mwingine atasema: "Basi na walipe waajiri peke yao, mfanyakazi asikatwe."

Twamjibu: turudi katika kanuni ya kwanza. Jina lililoandikwa juu ya mzigo si lazima liwe la mbebaji. Mahali ambapo watu kumi wanagombea kazi moja, mwajiri atautoa mzigo katika ujira. Na kama ujira umeshuka hadi kile kiwango cha chini kilichowekwa na sheria, asiweze kuupunguza tena, ataajiri watu wanane badala ya kumi.

Yapasayo kufanywa

Kwa mfanyakazi: usiuze uzee wako kwa shilingi 2,050. Ukikatwa, dai karatasi ya mshahara, kisha hakikisha kwa simu au ofisini kuwa kilichokatwa kimefika. Kukatwa bila ya kupelekewa ni kuibiwa. Na wewe usiye na mwajiri, haba na haba hujaza kibaba: anza na kidogo, katika hazina au katika chama chenye daftari safi.

Kwa mwajiri: ulichokata katika mshahara wa mtu si mali yako hata kwa siku moja. Ni amana.

Kwa wenye mamlaka: mwezi Juni 2024 vijana walipojaa barabarani kuupinga mswada wa fedha, na Rais akakataa kuutia saini, hawakulalamikia viwango peke yake. Walilalamikia pia kutoona mali yao ilikwenda wapi. Kila shilingi ya mchango iliyolipwa kwa wakati kwa mzee wa Konza, na kila kitanda cha hospitali kilichopatikana bila ya kusumbuliwa, huwarudisha watu katika daftari kuliko amri kumi mpya.

Maswali ya mazungumzo

1. Katika kazi unayoifanya, ni nani asiye na njia nyingine: wewe au mwajiri wako? Basi ni nani abebaye michango?

2. Kuna tofauti gani baina ya kodi ya nyumba ya mwaka 1901 na ushuru wa nyumba wa mwaka 2024? Na zinafanana katika nini?

3. Mchangie hesabu: katika mwaka uliopita, ulitoa kiasi gani katika harambee za matibabu na mazishi? Je, ni zaidi ya mchango wa bima au ni chini yake?

Wasomaji walio mbali nasi na wayajibu maswali haya pamoja na wenzao wa kazini, kila mmoja akiwa na karatasi yake ya mshahara mkononi, na mwenye kibarua akiwa na hesabu ya siku zake. Wallahu aalam.